Kinyago hakimtishi aliyekikata

Katika madarasa ya chekechea ya Marekani, Oktoba ni mwezi wa mikasi na gundi. Wazazi huona uchafu wa mezani na vikaratasi vilivyopinda. Lakini kazi hizo humwandaa mtoto mdogo kwa usiku wa Halloween, ambao watu wazima wenyewe wameujaza nyuso za kutisha.

Wiki ya mwisho ya Oktoba, darasa la chekechea la Marekani halibaki na ukuta mtupu. Popo weusi wananing'inia darini kwa uzi. Maboga ya rangi ya chungwa yamejaa mlangoni. Dirishani imefungwa kamba, na kwenye kamba imepangwa mizuka ya karatasi nyeupe, kila mmoja na sura yake: huyu ana macho manne, yule ana jicho moja lililoangukia tumboni. Chembe za karatasi zimenasa kwenye soksi za watoto, na mwalimu amekwishakata tamaa ya kufagia.

Mzazi aliyekulia Mwanza, Mombasa au Bukavu, ambaye leo anaishi Dallas, Minneapolis au Louisville, anafika mchana kumchukua mwanawe na kukabidhiwa buibui wa karatasi mwenye miguu iliyokunjwakunjwa. "Mama, ona! Nimemtengeneza mwenyewe!" Mama anasifu, anamtia buibui mkobani, na njiani anajiuliza maswali mawili. La kwanza: sikukuu hii ya mizimu inamhusu nini mtoto wangu? La pili: kukata vikaratasi kutwa nzima kunamfundisha nini?

Swali la kwanza tutalifikia. La pili jibu lake ni kwamba mtoto anajifunza mambo mawili kwa wakati mmoja. Anajifunza kuvitawala vidole vyake, jambo ambalo kila mwalimu wa chekechea atakueleza. Tena anajifunza kwamba sura ya kutisha ni kitu kilichotengenezwa na mtu, kwa mkasi, juu ya meza. Hili la pili halisemwi sana, na kwa mtoto wa miaka mitatu ni somo zito.

Paka aliyegeuka mbwa

Mwaka 1969 mtafiti wa Marekani wa saikolojia ya watoto, Rheta DeVries, alichapisha utafiti ambao hadi leo husimuliwa vyuoni kwa sababu ya mhusika wake mkuu, paka mpole aliyeitwa Maynard. Watoto wa miaka mitatu hadi sita walimwona paka huyo, wakampapasa, wakakubali kwamba ni paka. Kisha sehemu ya mbele ya Maynard ikafichwa, mkia ukibaki unaonekana, naye akavishwa kinyago cha mbwa mkali. Alipotokeza tena, mtoto aliulizwa: huyu sasa ni mnyama gani?

Wengi wa wale wa miaka mitatu walijibu kwamba ni mbwa. Walikuwa wamempapasa dakika chache tu zilizopita, na mkia wake haukuwahi kuondoka mbele ya macho yao, lakini uso mpya ulitosha kumfanya mnyama mpya. Wengi wa wale wa miaka sita hawakubabaika; walijua kwamba chini ya kinyago yumo Maynard yuleyule.

Hapo ndipo ulipo ugumu wa Oktoba 31, usiku wa Halloween ambao watoto hupita mlangoni kwa majirani, kwa mtoto mdogo. Kwa mtu mzima, jirani aliyevaa fuvu la plastiki bado ni jirani. Kwa mtoto wa miaka mitatu jirani ametoweka, na mlangoni limesimama fuvu. Unaweza kumwambia mara kumi kwamba huyo ni yule baba anayetupungia mkono kila asubuhi. Masikio yanakusikia, ila macho yake yanamwambia vingine, na katika umri huo macho ndiyo yenye neno la mwisho.

Sasa mpe mtoto huyohuyo sahani ya karatasi wiki moja kabla. Ameiona ikiwa nyeupe, haina kitu. Ameishikilia wakati mama anatoboa matundu ya macho. Ameipaka rangi nyeusi mwenyewe, na ya ziada ikamwingia kwenye mikono ya shati. Amebandika masikio, moja likaanguka, akalibandika tena. Uso huo haukumjia ghafla kutoka gizani. Aliufuata hatua kwa hatua tangu ulipokuwa sahani. Akiuweka usoni anakuwa paka, akiutoa anakuwa yeye, na anayeamua ni yeye. Paka wa DeVries alibadilishwa mbele ya watoto, wao wakiwa watazamaji tu. Mezani pa gundi, mtoto ndiye mtafiti.

Sikukuu iliyokatwa kwa karatasi

Halloween ilitoka Ireland na Uskoti, ambako usiku wa kuamkia Sikukuu ya Watakatifu Wote, Novemba 1, ulichanganyika na desturi za kale za Wakelti za kumaliza mavuno na kuingia majira ya baridi. Watu walichonga taa kwa mboga za mizizi minene kama tanipu. Njaa kuu ya viazi iliyoanza mwaka 1845 iliwasukuma Waayalandi wengi kuvuka bahari kwenda Marekani, nao wakaenda na desturi yao. Huko wakalikuta boga, kubwa kuliko tanipu na rahisi zaidi kuchonga, na boga likatwaa nafasi.

Lakini mapambo tunayoyaona madarasani leo, chungwa na nyeusi kila kona, paka aliyekunja mgongo, mwezi wenye uso, yalienea kwa bidii ya wauza karatasi. Mwaka 1909 kampuni ya Dennison ya Massachusetts ilitoa kijitabu kilichoitwa Dennison's Bogie Book, chenye maelekezo ya kupamba nyumba na kuandaa michezo ya Halloween. Toleo jingine lilifuata mwaka 1912, na baada ya hapo vijitabu hivyo viliendelea kutoka hadi miaka ya 1930. Biashara yenyewe ilikuwa wazi: mapambo yaliyoelezwa humo yalihitaji karatasi laini ya mikunjo, na Dennison ndiyo iliyokuwa ikiiuza.

Chekechea nayo ilikuwa na karatasi zake tangu zamani. Mjerumani Friedrich Fröbel, aliyeanzisha malezi ya namna hiyo huko Bad Blankenburg mwaka 1837, aliweka kukunja, kukata na kusuka karatasi miongoni mwa kazi za kila siku za watoto. Mwanamke wa Kijerumani, Margarethe Schurz, alifungua chekechea ya kwanza Marekani mwaka 1856 katika mji wa Watertown, Wisconsin. Baadaye Milton Bradley, mfanyabiashara wa Springfield, Massachusetts, akaanza kutengeneza vifaa vya shule hizo, zikiwamo karatasi za rangi. Springfield hiyohiyo ndiko Margaret Knight, mfanyakazi wa kiwanda cha mifuko, alikobuni mashine ya kutengeneza mifuko ya karatasi yenye kitako bapa. Alipata hataza mwaka 1871, baada ya kumshinda mbele ya sheria mwanamume aliyedai uvumbuzi huo ni wake. Mfuko huo wa kaki leo ni kibaraka katika mikono ya watoto wasiomjua Knight. Mwaka 1903, boksi la kwanza la kalamu za nta za Crayola liliuzwa kwa senti tano likiwa na rangi nane, na kati ya hizo nane zilikuwamo chungwa na nyeusi.

Kwa hiyo Halloween ya mtoto wa chekechea haikushuka kutoka kuzimu. Sehemu yake kubwa ilitoka kiwandani, ikakatwa, ikafungwa kwenye paketi na kuuzwa. Mzazi anayejua hivyo anakaa mezani na mwanawe akiwa na moyo mwepesi zaidi.

Gumba litazame juu

Mtazame mtoto anayeshika mkasi mara ya kwanza. Kiwiko kimepaa hewani kama bawa la kuku, gumba limeelekea sakafuni, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo. Anaufungua mkasi wote, anaufunga kwa nguvu, na karatasi badala ya kukatika inajikunja katikati ya makali. Anajaribu tena, inajikunja tena. Hapo wazazi wengi hunyoosha mkono na kusema, "Lete nikukatie."

Usimkatie. Geuza mkono wake taratibu hadi gumba litazame juu na kiwiko kikae karibu na mbavu. Walimu hubandika kistika cha uso unaocheka kwenye ukucha wa gumba na kumwambia mtoto ahakikishe anakiona muda wote anapokata. Kikipotea, mkono umepinduka. Kisha badilisha karatasi. Ya daftari ni laini mno, hutoroka kati ya makali. Manila ni ngumu kiasi na hukatika kwa sauti ambayo watoto huipenda. Anza na vipande vyembamba vya upana wa sentimita 2, ili kufunga mkasi mara moja tu kutoshe kukata kote. Mtoto akiona kipande kimedondoka, amefuzu. Mistari mirefu itakuja.

Umri nao una maneno yake. Mtoto wa miaka miwili na nusu huchana kwa mikono, na kuchana si kuharibu: vidole vya mikono yote miwili vinabana, mkono mmoja unakwenda mbele, mwingine unarudi nyuma, na ubongo unajifunza kuiamuru miwili kwa pamoja. Kati ya miaka mitatu na minne wengi huweza kufuata mstari ulionyooka. Kukata duara husubiri hadi karibu miaka mitano, kwa sababu mkono ulioshika karatasi lazima uizungushe huku mwingine ukikata. Orodha ya hatua za ukuaji ya taasisi ya afya ya Marekani, CDC, humtarajia mtoto wa miaka mitatu kuweza kuchora duara akionyeshwa, na wa miaka minne kushika kalamu kwa vidole na gumba badala ya kuifumbata kwa ngumi. Mtoto wako akichelewa kidogo si msiba, lakini ni sababu nzuri ya kumpa karatasi nyingi zaidi za kuchana.

Na kama mtoto anatumia mkono wa kushoto, mtafutie mkasi wa kushoto. Mkasi wa kawaida ukishikwa na mkono huo, makali yake husukumana mbali badala ya kubanana, na mtoto hudhani kosa ni lake.

Kazi sita za mezani

Mzuka wa kuchana unawafaa wadogo kabisa. Mpe karatasi nyeupe, achane vipande vya ukubwa wowote, avibandike juu ya manila nyeusi. Kingo zilizochanika hutoa nyuzinyuzi ambazo mkasi hauwezi kuzitoa, na mzuka hupata ule ukungu unaomstahili. Macho ni vidole viwili vilivyochovywa kwenye rangi nyeusi.

Boga la sahani huhitaji sahani moja ya karatasi, vipande vya karatasi ya chungwa na kikonyo cha kijani. Mtoto wa miaka mitatu atabandika vipande bila mpango na kuacha mapengo meupe. Yaache. Wa miaka mitano atakata mwenyewe pembetatu za macho, na atagundua kwamba mdomo wenye meno ni mgumu kuliko ulivyoonekana.

Buibui wa viganja ni hesabu inayoshikika. Paka rangi nyeusi kiganja na vidole vinne, gumba likiwa limekunjwa, ukigandamize kwenye karatasi. Rudia kwa mkono wa pili, ukielekezea upande wa pili, viganja vikipandana katikati. Vidole vinne na vinne, miguu minane. Mhesabie mtoto, naye atataka kuhesabu tena yeye mwenyewe, na akifika mguu wa tano atarudi wa kwanza. Asiyetaka rangi nyumbani achore viganja kwa penseli na kuvikata.

Popo wa boksi hutokana na kile kibomba kinachobaki karatasi ya chooni inapokwisha. Hapa kuna ufundi mdogo ambao huwashangaza hata wazazi: kibonyeze kwa ndani ukingo wa juu upande wa mbele, kisha upande wa nyuma juu yake, na pembe mbili zenye ncha zitasimama zenyewe kushoto na kulia. Hayo ndiyo masikio. Hakuna kukata wala gundi. Mtoto apake nyeusi, abandike mabawa mawili ya manila nyuma, na popo yuko tayari kuning'inia.

Kibaraka wa mfuko wa kaki hutumia mfuko mdogo kama ulivyo, ukiwa umekunjwa. Kile kitako bapa cha Margaret Knight huwa ndicho uso, na pale kinapokunjikia juu ya mfuko ndipo mdomo. Mtoto akiingiza mkono na kufumba vidole, mdomo unafumba. Akifumbua, kibaraka anasema. Mwache aseme anachotaka. Mara nyingi kibaraka huwa na mengi ya kulalamikia kuhusu muda wa kulala.

Kinyago cha fimbo ndicho cha mwisho, na kwa hoja yetu ndicho cha maana kuliko vyote. Kata sahani ya karatasi nusu, toboa macho mawili, mtoto apambe apendavyo, kisha bandika kijiti cha mbao chini yake. Hakina mpira wa kukifunga kichwani, na hiyo ndiyo faida yake. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, American Academy of Pediatrics, hushauri kofia na rangi za uso zisizo na sumu kuliko vinyago, kwa sababu kinyago huzuia mtoto kuona anapotembea. Cha fimbo hushikwa mkononi, huinuliwa mlangoni kwa jirani na kushushwa njiani. Tena mtoto akianza kuogopa sura yake mwenyewe kwenye kioo, hana kamba ya kuhangaika nayo. Anaushusha mkono tu, na uso wake umerudi.

Mtu mzima akae wapi

Kazi ya mzazi ni kabla na pembezoni. Kabla: kata vipande vya manila, tandika gazeti, mimina gundi nyeupe kwenye kifuniko cha chupa badala ya kumwachia mtoto chupa nzima. Mtoto wa miaka minne akiminya chupa haachi hadi isikike ikikoroma, na karatasi iliyolowa hujikunja na kukataa kukauka hadi kesho yake. Kwa kifuniko atachovya ncha ya kidole na kuweka nukta, na nukta hushika kuliko dimbwi. Gundi ya kijiti, ambayo Henkel ya Ujerumani iliitoa mwaka 1969 kwa kuiga umbo la rangi ya mdomo, ni safi zaidi, ila haishiki vitu vizito.

Pembezoni: keti, shika kikombe chako cha chai, na usiweke mezani mfano uliokwishatengenezwa. Mtoto akiona popo kamili wa mama, wake huanza kuonekana mbaya machoni pake kabla hajamaliza. Macho yakibandikwa tumboni, uliza yanatazama nini huko. Dakika kumi na tano zikipita naye akaondoka kwenda kucheza, kazi imekwisha, hata kama bawa ni moja.

Jambo moja tu halina mjadala. Yale macho madogo ya plastiki yanayotikisika, yanayouzwa kwa paketi, hayafai mezani pa mtoto wa chini ya miaka mitatu. Sheria ya Marekani ya vitu vya watoto wa umri huo hukataza kitu chochote kinachoingia chote kwenye kipimo chenye upana wa milimita 31.7, kipimo kilichowekwa kwa kufikiria koo la mtoto. Chora macho kwa kalamu. Pini za stepla nazo ziache ofisini.

Kwa familia zetu zilizo ugenini, meza hii ina faida nyingine isiyogharimu kitu. Watoto wengi huko huelewa Kiswahili cha wazazi lakini hujibu kwa Kiingereza. Kunja, geuza, bana, bandika, puliza ikauke: ni amri fupi zinazofanyika palepale, mkono ukithibitisha kwamba sikio limeelewa. Nchini Uingereza mapumziko ya nusu muhula kwa kawaida huangukia karibu na siku hizo, na bibi aliyekuja kutembea ana wiki nzima ya kufundisha lugha kwa mkasi.

Bundi, popo na bibi

Turudi kwa swali la kwanza la yule mama. Kwa wazazi wengi wa Kiislamu, na kwa Wakristo wengi pia, hasa wa makanisa ya kilokole, Halloween ni sherehe wasiyoitaka nyumbani kwao, na wana haki hiyo. Njia nzuri ni kuzungumza na mwalimu mapema, wiki ya kwanza ya Oktoba, kabla mizuka haijapanda kambani. Shule nyingi za Marekani zimezoea ombi hilo, na baadhi zimekwishageuza siku yenyewe kuwa sherehe ya mavuno, yenye maboga, majani makavu na wanyama wa usiku badala ya wafu. Hata Head Start, mpango wa serikali ya nchi hiyo ulioanza mwaka 1965 na unaopokea watoto wa familia za kipato cha chini, zikiwamo za wakimbizi kutoka Congo na Burundi, unahimiza wazazi washirikishwe katika yale watoto wanayofanya.

Ila mwalimu naye anahitaji kuelezwa, kwani wema wake unaweza kugonga mwamba. Akiondoa mzuka na kuweka bundi, anadhani ameweka ndege wa kupendeza mwenye macho ya duara. Bibi aliyetoka Tabora kumwona mjukuu, akimkuta bundi amebandikwa juu ya kitanda cha mtoto, atauliza nani anataka kufa nyumba hii. Popo vivyo hivyo. Aliyekuwa Pemba au Unguja mwaka 1995, wakati wa taharuki ya jini aliyeitwa Popobawa, watu wakilala nje ya nyumba zao kwa hofu, hawezi kumtazama popo wa karatasi kwa macho ya mwalimu wa Ohio.

Mambo hayo yanaonyesha kwamba hofu nyingi za usiku huo ni za watu wazima, na kila kabila la watu wazima lina zake. Mtoto wa miaka mitatu hajui uchuro wa bundi wala habari za Popobawa, wala haogopi boga kwa kuwa Waayalandi walitoka mbali na desturi yao. Anachokiogopa ni uso uliobadilika bila yeye kujua umebadilikaje. Kwa hofu hiyo, umbo la karatasi si muhimu sana. Nyumba isiyotaka mizuka inaweza kukata simba, tumbili au jua lenye masharubu, ikafika palepale. Muhimu ni mtoto kuuona uso ukianza kutoka mwanzo na kuuvua mwenyewe.

Wazazi wengine huamua kutofungua mlango kabisa usiku huo, na hilo pia ni sawa. Lakini dukani watapita mbele ya mifupa ya plastiki kuanzia Septemba, na kwenye basi watakaa karibu na kijana aliyejipaka damu ya bandia. Mtoto aliyewahi kutengeneza kinyago, hata cha tumbili, ana la kujibu: "Ile ni karatasi, mama. Au ni plastiki?" Anauliza sura hiyo imetengenezwa kwa kitu gani, badala ya kuuliza ni nani.

Novemba mosi

Usiku ukipita, nyumba hubaki na rundo. Usilitupe mtoto akiwa analitazama, wala usiliweke lote. Mwambie achague mawili, uandike tarehe nyuma, mengine yaende.

Kwa maboga, walimu wa Marekani wana mbinu ya kubana matumizi. Sikukuu yao ya Shukrani huwa Alhamisi ya nne ya Novemba, na boga ni pambo lake pia, mradi lisiwe na uso. Kwa hiyo tangu mwanzo macho na meno hushikizwa kwa kipande kidogo cha selotepu badala ya gundi. Asubuhi ya Novemba 1 uso unabanduliwa, na boga linabaki ukutani kwa wiki nyingine tatu na ushee.

Kazi hiyo ya kubandua usiifanye usiku watoto wakiwa wamelala. Mpe aliyelitengeneza. Ataanza na meno, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa magumu kukata, na akimaliza macho atakuuliza kama anaweza kuyabandika kwenye friji.